Kabla Chombo Hakijagusa Maji

Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi. Mama anayechota ndoo yake pale Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira, Congo, uliobanwa kati ya milima na ziwa, haisikii chumvi hiyo mdomoni, lakini umeme unaijua. Wanaopima uwezo wa maji kupitisha umeme hupata takriban maikrosimensi 670 kwa sentimita katika ziwa hili. Ziwa Victoria lina kama 100 tu. Maji ya Bahari ya Hindi, pale Mombasa au Dar es Salaam, hufika 50,000 na kuzidi.

Mwili wa binadamu uko katikati. Damu na misuli hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya ziwa, na vibaya kuliko maji ya bahari. Baharini, umeme uliovuja hupata njia pana pembeni mwa mtu. Ziwani, mtu mwenyewe ndiye njia rahisi. Ndiyo maana vifo vya waogeleaji wanaopatwa na umeme unaovuja kutoka kwenye gati au boti hutokea zaidi katika maji baridi kuliko baharini. Misuli inakaza, mikono inakataa kuogelea, mtu anazama kimya, na mara nyingi mwili wake hauna hata alama ya kuungua. Watu huandika kwamba amekufa maji.

Fundi wa roboti za majini anatakiwa aujue ukweli huu kabla ya kugusa waya wa kwanza. Roboti hizo hushuka bila mtu ndani, zikiwa na kamera, taa, mota za kusukuma maji na pengine mikono ya chuma. Ndogo hubeba betri tumboni. BlueROV2 ya kampuni ya Blue Robotics ya California, ambayo watafiti na vyuo vingi duniani wameinunua kwa kuwa bei yake ni ya maelfu machache ya dola, hutumia betri ya lithiamu ya volti 14.8 na hushuka hadi mita 100, au 300 ikivalishwa maganda ya alumini. Kubwa, kama zile zilizosaidia meli za kuchimba gesi kwenye kina kinachozidi mita 2,000 mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara, hupokea umeme kutoka melini kwa kebo ndefu, na volti zake hupita 3,000. Anayeiongoza roboti mchana ndiye huyo huyo anayeifungua usiku ikileta hitilafu. Katika kazi hii rubani na fundi ni mtu mmoja, na mara nyingi amechoka.

Kuna sababu ya kulizungumza jambo hili Kasenga. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee linalolizidi kwa kina. Mzamiaji anayevuta hewa ya kawaida huishia mita 50 hivi. Kila kitu kinachozama chini ya hapo ni cha mashine, au ni cha ziwa milele. Desemba 2014 meli MV Mutambala ilizama upande wa Katanga na watu 129 wakafa. Kwenye maji haya, abiria wa Uvira, Baraka, Kalemie na Kigoma hawana barabara ya kuaminika ya kukimbilia. Boti ndiyo basi lao.

Pwani ya Kenya inaonyesha kazi ya kutafuta chini ya maji ilivyo. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma na kuanguka kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee pale Likoni, Mombasa, likiwa na mama na mwanawe wa kike. Wazamiaji wa jeshi la majini, wazamiaji binafsi, wataalamu walioitwa kutoka Afrika Kusini na roboti zenye kamera walitafuta siku baada ya siku mbele ya nchi nzima iliyokuwa ikitazama. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Hapa Uvira, ambako milima inashuka moja kwa moja hadi majini, mita 58 ni karibu na ufukwe.

Roboti zitafika ziwani, kwa ajili ya uokoaji, kwa ajili ya bandari ya Kalundu, au kwa ajili ya samaki. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, na mji huu ulikuwa miongoni mwa vituo vya mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa ulioanza mwaka 1992 chini ya FAO na Finland. Watu wa hapa wamezoea kushusha vipimo majini na kusubiri namba. Kinachokosekana ni mafunzo ya kumlinda yule atakayeshika waya.

Umeme, hata hivyo, tayari umo ndani ya mitumbwi. Kwa miongo mingi wavuvi wa ndagala walivuta samaki kwa taa za mafuta ya kupampu. Sasa wengi wana taa za LED na betri. Tazama kwa karibu betri moja inayopandishwa chomboni jioni. Ncha zake zimeota unga wa kijani na mweupe. Vibanio viwili vya chuma vimeng'ata ncha hizo, kimoja kimelegea. Waya umeungwa sehemu mbili kwa kusokotwa na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Betri yenyewe imekaa sakafuni, penye maji ya kimo cha kidole, karibu na miguu ya mtu na sufuria ya chuma ya kuchotea maji. Taa inawaka. Kila mtu anaridhika.

Volti 12 kwa kawaida haziui kwa kupiga mtu, na mwalimu mkweli lazima aseme hivyo, maana vijana wanajua na hawatamsikiliza akitia chumvi. Hatari yake ni nyingine: spana ikilala juu ya ncha mbili hupata moto mwekundu papo hapo, na gesi ya hidrojeni inayotoka betri inapochajiwa ndani ya chumba kilichofungwa hulipuka kwa cheche moja. Hatari kubwa zaidi ni mazoea. Siku mwenye mtumbwi anaponunua inveta ya kugeuza volti 12 kuwa 220, ili awashe pampu au achaji simu za abiria, ule ule muungo wa mfuko wa plastiki unakuwa wa kuua.

Hesabu yake ni fupi. Mwili mkavu una ukinzani mkubwa kwenye ngozi. Ukizama majini, kinga hiyo ya ngozi huondoka, na wanaopanga usalama wa wazamiaji huuhesabu mwili kuwa na kama omu 750. Umeme wa kubadilika wa miliampia 10 unatosha kumzuia mtu asiachie alichoshika. Zidisha hizo mbili: volti 7.5. Sasa chukua volti 220 za nyumbani, ugawe kwa 750: karibu miliampia 300, mara kumi ya kiwango cha miliampia 30 ambacho vikata umeme vya usalama hutengenezwa viruke. Moyo hauhitaji nusu ya hizo kupoteza mapigo yake. Mwaka 1985 chama cha kampuni za uzamiaji cha AODC kilitoa mwongozo wa matumizi salama ya umeme chini ya maji. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995 kuwa IMCA, ambayo mpaka leo ndiyo inayoandika taratibu zinazofuatwa na mafundi wa roboti za volti kubwa.

Tofauti ya ziwa na bahari inaweza kuonekana kwa macho. Beseni la plastiki, lita kumi za maji ya ziwa, mabati mawili ya ukubwa wa kiganja yaliyosimamishwa mbalimbali, betri ya volti 12 yenye fyuzi, na mita ya kupimia ampia. Katika maji ya ziwa, mita husoma makumi ya miliampia. Ingiza kipande cha nyama mbichi kati ya mabati: namba inapanda kidogo, kwa kuwa nyama inapitisha kuliko maji yaliyoizunguka. Mimina gramu 350 za chumvi ukoroge ili maji yawe kama ya bahari: namba inaruka hadi kupita ampia moja. Rudisha nyama, na safari hii inashuka. Zoezi lifanyiwe nje, penye upepo, kwa sababu maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa gesi ya klorini. Mwanafunzi aliyeona namba zile zikigeuka hana haja ya kuaminishwa kwa maneno.

Lakini moyo wa mafunzo ya fundi wa roboti uko kwenye kufuli, na hapa makala hii inastahili kukaa kidogo.

Umeme ukikatika Uvira, watu hutumia nafasi hiyo kutengeneza nyaya. Mtu hupanda kiti, huvua ganda la soketi na kuanza kazi, kwa hoja kwamba hakuna moto kwenye laini. Kisha umeme unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi unarudi bila kubisha hodi. Au haurudi, ila jirani anawasha jenereta iliyounganishwa vibaya, na umeme wake unapita kwenye mita na kuingia mtaani. Kukosekana kwa umeme kwa dakika hiyo kumechukuliwa kuwa ni usalama.

Fundi wa roboti hufundishwa kutokuamini hata kidogo. Anazima swichi kuu. Anaitia kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unaingia mfukoni mwake, haupewi mtu mwingine hata kama ni bosi. Anatundika kibandiko chenye jina lake na saa. Kama mafundi ni watatu, makufuli ni matatu, na chombo hakipati umeme mpaka wa mwisho atoe lake. Kisha anachukua mita na kuipima kwanza kwenye chanzo anachojua kina umeme, halafu kwenye laini aliyoizima, halafu anarudi tena kwenye chanzo cha kwanza. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Mita iliyokufa betri katikati ya kazi husoma sifuri popote pale, na sifuri hiyo imewazika watu.

Hata hapo hajamaliza. Ndani ya vifaa vya volti kubwa mna kapasita zinazohifadhi umeme baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo anasubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha chombo, anapima tena, kisha anaunganisha laini na ardhi ili chochote kilichobaki au kitakachorudi kipite huko. Kazi ya kubadilisha kiunganishi kimoja inaweza kuchukua robo saa, na maandalizi yake nusu saa. Mwajiri asiyekubali hesabu hiyo ndiye wa kwanza kuhitaji mafunzo.

Kwenye meli kubwa, umeme wa roboti haufungwi ardhini kama wa nyumbani. Unapitishwa kwenye transfoma maalumu ili waya mmoja ukivuja, umeme usipate mzunguko wa kurudi. Kifaa cha kuchunguza insulesheni husoma muda wote ukinzani kati ya nyaya na ardhi. Namba ikianza kushuka, kinapiga kengele na rubani anaipandisha roboti. Uvujaji wa kwanza haumuui mtu, ila ni onyo. Wa pili ndio wa hatari. Timu inayozoea kuzima kengele ili imalize kazi inakuwa imeitupa kinga yake yote.

Betri zina tabia zake. Novemba 2008, Pearl Harbor, chombo kidogo cha chini ya maji cha jeshi la majini la Marekani kilichoitwa ASDS kilishika moto betri zake za lithiamu zikiwa zinachajiwa; moto uliendelea kwa saa kadhaa, na ingawa hakuna aliyeumia, mradi mzima ulifutwa mwaka uliofuata. Hakikuwa vitani wala kwenye kina kirefu. Kilikuwa kimepumzika nyumbani. Nyambizi ya Argentina ARA San Juan haikupata bahati hiyo. Novemba 2017 maji ya bahari yaliingia kwa njia ya hewa, yakafika kwenye betri, yakaleta shoti na moto. Watu 44 walipotea. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya Ocean Infinity iliipata kwenye kina cha mita 907, na zilizoipata zilikuwa roboti za majini zinazojiongoza, zinazoendeshwa kwa betri pia.

Kwa fundi wa roboti ndogo, hatari iliyo karibu zaidi ni kufungua ganda la betri lililovuja. Maji yanayopenya kwa tundu la sindano kwenye kina cha mita 100 huingia na mgandamizo wa angahewa kumi za ziada. Chombo kikipandishwa, mgandamizo huo unaweza kubaki ndani, pamoja na gesi iliyotengenezwa na umeme ukipita kwenye maji. Ganda hilo likifunguliwa kwa haraka, mfuniko unaruka kama risasi. Kanuni ni kuliweka mbali na watu, kufungua kwanza kizibo cha kutolea hewa, taratibu, na kutoweka uso mbele ya mfuniko kamwe.

Ziwa Tanganyika linaongeza mambo ambayo kitabu kilichoandikwa kwa Bahari ya Kaskazini hakiyataji. Upande huu wa kaskazini, oksijeni huisha karibu na mita 100. Chini ya hapo hakuna samaki, na maji yana salfidi ya hidrojeni, ile gesi ya harufu ya yai viza. Shaba na fedha za viunganishi huwa nyeusi zikikutana nayo, na kiunganishi cheusi hupata joto. Roboti iliyoshuka huko isuuzwe kwa maji safi, na ncha zake zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ni radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, iliyo ndani ya Kivu Kusini hii hii, kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Boti iliyo katikati ya ziwa, yenye mlingoti na kebo ya mamia ya mita iliyolowa, ni mahali pabaya pa kuwa Novemba alasiri wingu likijikusanya juu ya milima ya Mitumba. Ngurumo ikifuata mwale kabla ya sekunde 30 kupita, kazi isimamishwe, na watu waiache kebo.

Haya yote yanawahusu hata wasioota kuona roboti. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu Uvira. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi kuingia bandari ya Kalundu na nyumba za ufukweni. Maji yakiingia chumbani yanakuta soketi kwenye kimo cha goti na waya wa kiendelezo sakafuni, na mwenye nyumba anaingia pekupeku kuokoa redio. Mafunzo ya fundi wa majini humjibu huyu moja kwa moja: usikanyage maji ambayo hujui kama laini imekatwa, ukimwona mtu anatetemeka ndani ya maji, usimfuate, kata umeme kwanza, mtupie kamba au fimbo kavu, na akishatolewa, kama hapumui, anza kumpulizia na kumkandamiza kifua bila kungoja gari.

Mwalimu wa haya anatoka wapi? Kwa miaka mingi Waafrika waliotaka kazi ya roboti za majini walitafuta nafasi mbali, kama kwenye kituo cha uzamiaji cha Fort William, Scotland, na ada yake ilikuwa mshahara wa miaka kwa mtu wa Uvira. Lakini sehemu ya usalama wa umeme inaweza kutolewa karibu. Congo ina INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Tanzania ina VETA na Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam. Kenya ina Bandari Maritime Academy, Mombasa. Kigoma, ng'ambo ya kusini mashariki, kuna kituo cha TAFIRI kinachotafiti ziwa hili hili. Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura, mji ambao mtu wa Kasenga huona taa zake usiku.

Na wanafunzi wapo. Vijana wanaofufua simu na betri za kompyuta mitaani, wanaofunga sola juu ya mabati, wanaopima seli moja moja kwa mita ya bei rahisi, tayari wana nusu ya ufundi huu, ile nusu ngumu ya mikono na subira. Nusu iliyobaki ni taratibu, na inawahusu kesho asubuhi, roboti ije au isije. Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo fundi wa Uvira, aliyesoma kwa Kifaransa na kufanya kazi kwa Kiswahili, hukutana nayo mara chache. Kuitafsiri kwa Kiswahili kinachosomeka kuanzia Kalemie hadi Tanga ni kazi ya miezi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya roboti moja.

Kozi ya wiki ya kwanza haihitaji chombo chenyewe. Inahitaji chumba chenye hewa, ubao wa swichi usiounganishwa na laini ya SNEL, shirika la umeme la Congo, kufuli kwa kila mwanafunzi, mita mbili nzuri, kipima insulesheni kimoja, glavu za mpira zilizokaguliwa, betri chache mbovu za kufunguliwa chini ya uangalizi, sanamu ya kujifunzia kumkandamiza mtu kifua, na mwalimu mwenye mamlaka ya kumrudisha nyumbani yeyote atakayeacha ufunguo wake mezani.